Mbwa Dume Mzee Akijikamua, Usikimbilie Kulaumu Mifupa

Kamanda, mbwa wangu wa kusakia nguruwe, alikuwa na miaka 9 alipoanza kuchuchumaa muda mrefu asitoe kitu. Huku kwetu Makunduchi mbwa akijikamua hulaumiwa mifupa. Nikaacha kumpa mifupa, nikamtilia mafuta ya nazi kwenye wali. Siku kumi zikapita bure.

Kosa langu: choo chenyewe sikukitazama. Mbwa najisi yake ni ya kuosha mara saba, moja kwa udongo, basi nyuma yake nani anataka kusogea? Siku nilipotazama nilikikuta bapa kama ukindu. Na pale alipolala palikuwa na matone ya damu, wala hakuwa amekojoa.

Sisi wanaume tezi dume ikikua hubana mkojo. Ya mbwa aghalabu hubana njia ya choo, ndiyo maana tunapotea. Na dume asiyehasiwa, akipita miaka 5, mara nyingi tezi imeshaanza kukua kwa homoni inayotoka kwenye korodani.

Daktari wa mifugo hakuanza na tezi. Alivuta ngozi ya uume kutazama kama kuna ule uvimbe wa nyama unaomeguka, ambao mbwa huambukizana wakipandana. Huo nao hudondosha damu. Akauliza rangi ya mkojo, maana homa ya kupe huweza kuufanya wote mwekundu au kama kahawa. Ndipo akavaa glavu, akapaka mafuta, kidole kikaingia nyuma na mkono wa pili ukasukuma tumbo kutoka chini. Mie nimemshika kichwa, mdomo tumeufunga kitambaa. Tezi ilikuwa kubwa, nyororo, pande mbili sawasawa, na Kamanda hakulia.

Hapo ndipo pa kusikiliza. Angelia, akawa na homa na anatembea kajikunja mgongo, ingeshukiwa tezi yenye vijidudu au usaha: mkojo uoteshwe maabara kuona vijidudu, kisha antibiotiki wiki kadhaa. Ingekuwa ngumu, ya mabonde, upande mmoja umezidi, ni kutafuta saratani. Na mbwa aliyehasiwa zamani akikutwa na tezi kubwa, usikubali kuambiwa ni uzee tu. Kuhasi hakuzuii saratani hiyo. Kidole pia hakifiki kila mahali, kwa hiyo ukipata ultrasaundi usiikatae: huonyesha mifuko ya maji au usaha ndani ya tezi.

Mkojo wa Kamanda ulipimwa mjini, ukaonekana safi. Akahasiwa, ili ile homoni ya korodani ikatike. Wasasi wenzangu walinicheka, eti nimeharibu mbwa, hatakimbiza tena hata paka. Wiki ya tatu choo kikarudi mviringo. Mwezi wa pili tukaingia uwandani kulinda mihogo, Kamanda mbele, na nguruwe hawakumuuliza habari za korodani.