Maswali ya Wasomaji: "Take", kutwaa na kuchukua

SWALI: Mhariri, assalaam aleikum. Kazi yangu ni kutembeza wageni hapa mjini. Majuzi gatini, mgeni aliyekuwa akishuka mashuani alimnyoshea mkoba kijana ninayefanya kazi naye, akamwambia "take". Kijana akautia begani, akashika njia ya hotelini, kumbe mwenyewe alitaka ashikiwe tu mpaka akanyage ngazi. Naomba kuelezwa asili ya kitenzi hiki, na sababu ya maana zake kuwa nyingi hivyo.
Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Waalaykumu ssalaam, ndugu yetu. Kijana wako asilaumiwe. Pale Mwingereza alipo na kitenzi kimoja, Waamu tuna viwili: kutwaa, yaani kukitia kitu mkononi, na kutukua, ambacho Kiswahili sanifu hukitamka kuchukua, yaani kubeba kitu kutoka hapa hadi pale, ndiyo sababu mbeba mizigo akaitwa mchukuzi, na mashua ikasemwa kuwa yachukua watu kumi. Aliyesikia "take" akaielewa kuwa "tukua" hakuwa na budi kuondoka na mkoba.

Kitenzi chenyewe kiliingia Uingereza kwa njia ya bahari. Asili yake ni "taka" ya Kinorse cha kale (kufanana kwake na kutaka kwetu ni sadfa tu), lugha ya mabaharia wa Skandinavia ambao tangu karne ya 9 walihamia mashariki na kaskazini mwa nchi hiyo, hata mfalme wao Knut akaitawala Uingereza kuanzia mwaka 1016 hadi 1035. Kabla yao Waingereza walisema "niman", na jamaa zao Wajerumani wangali wakisema "nehmen". Neno geni likalisukuma la wenyeji pole pole mpaka likalitoa, lakini "niman" limeacha kumbukumbu moja inayonipendeza sana: "numb", hali ya kiungo kilichokufa ganzi, ambayo kwa asili ni kusema kuwa kiungo hicho kimetwaliwa. Nasi yametufika yayo hayo, maana katika Kiswahili sanifu cha leo kuchukua kumeenea mahali pa kutwaa, na vijana wengi wa bara hulisikia "twaa" kama neno la mashairi.

Kuhusu wingi wa maana, sikiliza neno linalofuata kitenzi. Kikifuatwa na mahali anakotaka kwenda mtu, kama "take me to Shela", ni kupeleka. Kikifuatwa na dawa ni kunywa. Kikifuatwa na picha ni kupiga. Kikifuatwa na saa au dakika, huulizwa muda wa safari. Palipo na hatari zaidi ni "take place", ambayo ni kufanyika. Wapo wanaoandika kwamba mkutano "ulichukua nafasi" jana, na kila nisomapo hivyo nauliza ulichukua nafasi ya nani, kwani kwetu kuchukua nafasi ni kukaa mahali pa mwingine. Naomba sana tuliache kosa hili.

Ama "take" iliyosemwa peke yake, mkono ukiwa umenyoshwa, hiyo kwa kawaida ni "shika". Kijana na aupokee mkoba, asimame papo hapo, amngoje mgeni apande ngazi.