Kwa Mwanangu Penina, Kuhusu Jina Lako

Mwanangu Penina,

Ujumbe wako wa Jumapili nimeupata. Unasema mhubiri alisimulia habari za Hana, akamtaja Penina kuwa mke mwenza mchokozi, na watu wakageuka kukutazama. Ukaniuliza: "Baba, mliponipa jina hili mlikuwa mmeisoma hiyo sura?" Tuliisoma, mama. Nakuandikia kwa sababu nataka uwe na Biblia mkononi unaponisikiliza.

Jina umerithi kwa bibi yako, mama yangu mzazi, ndiyo maana nakuita mama tangu ukiwa mchanga. Yeye alilipata siku ya ubatizo. Asili yake ni Kiebrania, nalo ni jina la kito. Wingi wake ni peninim, na waliotafsiri Biblia yetu ya mwaka 1952 waliandika marijani. Fungua Mithali 31:10: "Mke mwema, ni nani awezaye kumwona? Maana kima chake chapita kima cha marijani." Hapo umetajwa wewe. Wako wanaosema kito hicho ni lulu, na katika Kiebrania cha leo pnina ni lulu kweli. Mimi nashikilia marijani, kwa kuwa Maombolezo 4:7 inawasifu watu kwamba miili yao ilikuwa myekundu kuliko kito hicho, na wekundu ni sifa ya marijani.

Sasa twende 1 Samweli, sura ya kwanza, na usiisome kwa haraka. Kila mwaka Elkana, mume wa Hana na Penina, huwapandisha jamaa zake Shilo kutoa dhabihu. Nyama ikigawanywa, Penina hupewa sehemu yake na za wanawe na binti zake. Hana, asiye na mtoto, hupewa mara mbili, kwa kuwa mume anampenda. Hebu waone hao watoto. Wote ni wa Penina, wamekaa pale, wanatazama mkono wa baba yao unamwelekea nani. Mama yao naye anatazama. Ukewenza unauma pande zote mbili, na Penina alizaa watoto wote wale bila kuupata moyo wa mume.

Kumchokoza mwanamke tasa hadi alie na kususa chakula ni ukatili, na sitautetea. Lakini angalia jinsi Maandiko yenyewe yanavyomtendea Penina. Jina lake liko katika mstari wa 2 na wa 4 tu. Pale penye uchokozi, mstari wa 6, anaitwa "mwenzake". Hana anaomba, anaimba, anajibizana na kuhani Eli. Penina hatusikii sauti yake hata mara moja. Kila anayemhubiri anamtilia maneno kinywani.

Wayahudi wenyewe hawakulitupa jina. Katika Talmud, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya marabi wao, Rabi Levi anasema Penina alikusudia jambo jema, yaani kumsukuma Hana amwombe Mungu. Kwangu hiyo haitoshi kumsafisha, ila nafurahi kwamba kuna aliyejaribu kumwelewa. Na binti zao wanaendelea kuitwa hivyo. Pnina Tamano-Shata alizaliwa Ethiopia, akapelekwa Israeli akiwa mtoto mwaka 1984, na mwaka 2020 akawa waziri, wa kwanza mzaliwa wa Ethiopia katika serikali ya nchi hiyo.

Umegusia kwamba unafikiria kutumia jina la pili peke yake. Wewe ni mtu mzima, sitakuzuia. Ila ombi langu ni kwamba ubaki nalo. Bibi yako aliitikia jina hilo mpaka uzeeni, kanisani na sokoni, wala sikumsikia hata siku moja akilionea haya. Na huyo mhubiri ukikutana naye, mwombe kwa heshima, siku nyingine asome mstari wa 4 kabla hajafika wa 6.

Ni mimi baba yako.