Ukienda Makumbusho ya Kisumu, anzia Ber-gi-dala

Wengi wakishaingia Makumbusho ya Kisumu hukimbilia nyoka, hasa wakiwa na watoto. Mimi mgeni wangu humwanzishia Ber-gi-dala, boma la Kijaluo lililojengwa kwa ukubwa wake halisi: makao ya mzee mwenye wake watatu, nyumba ya mwanawe wa kwanza, zizi la ng'ombe na maghala ya nafaka.

Usiingie ukipiga picha tu. Simama langoni kwanza utazame mpangilio. Kwa mila, nyumba inayokabili lango ni ya mikayi, mke mkubwa. Nyachira, mke wa pili, hujengewa upande mmoja, na reru, wa tatu, upande wa pili. Simba, yaani nyumba ya kijana, hukaa karibu na lango. Hakuna nyumba iliyowekwa ovyo hapo, na ukishalijua hilo utaliona boma kwa macho mengine. Kisha inama uingie ndani, usubiri macho yazoee giza, uinue kichwa uone fito zilivyofungwa kushikilia nyasi za paa.

Kama una mzee nyumbani, tafadhali nenda naye. Nilimpeleka shangazi yangu, naye akaketi kivulini akaanza kunisimulia duol ya babu yake, kibanda cha wanaume bomani: wanaume wakila pamoja jioni, wavulana wakisikiliza kesi za ukoo zikiamuliwa. Hayo sikuyasoma kwenye kibao chochote. Usipokuwa na mzee, omba mwelekezaji, na umuulize maswali bila haya.

Ndani ya jumba la maonyesho, mtazame vizuri yule samaki mkubwa aliyehifadhiwa, mbuta (sangara), halafu tazama zana za uvuvi za asili. Mbuta aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950. Wazee waliosuka mitego ya zamani walivua ngege na samaki wengine wa ziwa lao, si huyu. Nyoka na kobe waachie mwisho. Watoto watavumilia wakijua wanawasubiri.

Nenda asubuhi, jua la Kisumu halijawa kali. Kutoka mjini ni karibu, kwa tuktuk au boda, barabara ya kwenda Nairobi. Weka pesa kwenye simu kabla hujafika.

Boma likikuvutia, panga siku nyingine uende Thimlich Ohinga, boma la kale katika kaunti ya Migori. Kuta zake ni za mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo wa kushikisha, na UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Vaa viatu vya kutembea, na ubebe maji.