Jibu: 222–0 ni kosa la uchapaji?

Salama ndugu. Umeuliza kama ile 222–0 ambayo Georgia Tech, chuo cha Atlanta, waliichapa Cumberland kwenye futiboli ya Kimarekani, ni kosa la uchapaji. Si kosa. Hata mimi niliikodolea macho, mpaka nikaona hadi mapumziko ilikuwa 126–0! Kwanza angalia hali ya Cumberland, chuo kidogo cha Lebanon, Tennessee. Timu walishaivunja, ila mkataba wa mechi hiyo uliwabana: mje mcheze au mlipe dola 3,000. Wakaokoteza wanafunzi, wakaenda Atlanta, 7 Oktoba 1916. Kocha wa Tech, John Heisman, alikuwa na kinyongo. Mwaka huohuo Cumberland waliichapa Tech 22–0 kwenye besiboli. Ila usiwadharau Cumberland: 1903 walitoka sare 11–11 na chuo cha Clemson kwenye futiboli, na kocha wa Clemson alikuwa Heisman huyohuyo.