Ngumi au mpira: maswali yenu ya wiki hii

Mchezaji wa soka hukimbia dakika 90. Bondia hupigana dakika 3, kisha anakalishwa kwenye kiti. Mbona bondia ndiye anayehema zaidi?

Kwa sababu hana pa kujificha. Kiungo anaweza kumaliza kilomita 10 kwenye mechi moja, lakini sehemu kubwa ya hizo ni kutembea na kukimbia polepole, na mpira ukiwa upande wa pili anavuta pumzi. Bondia akishusha mikono apumzike, anapigwa. Akimkumbatia mwenzake, mwamuzi anawaachanisha. Isitoshe, wanagenzi hubana pumzi kila wanapoona ngumi inakuja, na hilo huwamaliza kabla hata mapafu hayajachoka. Nimeona wakimbiaji hodari wakiomba maji raundi ya kwanza.

Nina miaka miwili kwenye ndondi, lakini nikicheza mpira dakika 20 tu niko hoi. Mazoezi yangu yana kasoro?

Hayana. Miguu yako haijazoea kutimua mbio, kusimama ghafla na kugeuka. Mvishe winga glavu uone.

Wanamasumbwi hujinyima maji kabla ya kupima uzito. Wachezaji wa timu wana adha gani inayolingana na hiyo?

Hawana, na kwangu hapo ndipo michezo hii inapoachana kabisa. Winga akiongeza kilo 2 atafokewa na kocha, lakini atacheza. Bondia akizidi uzani hata kwa gramu chache, anaweza kukosa mkanda au pambano lenyewe. Ndiyo maana wengine hujifungia sauna wakitoka jasho mpaka midomo inapasuka. Maji hayo hayarudi yote kwa usiku mmoja, na kuingia ulingoni ukiwa umekauka ni kuuhatarisha ubongo. Heri upigane uzani wa juu yake.

Mwanangu ana haya. Nimpeleke judo au timu ya mpira wa kikapu?

Muulize yeye. Kwenye judo hakuna wa kumpasia mpira mambo yakiharibika, na akishindwa ameshindwa peke yake mbele ya watu. Baadhi ya watoto wenye haya hilo huwavunja. Wengine huona nafuu, kwani hakuna mwenzao wa kuwalaumu kwa pasi iliyopotea. Akisita, aanze na mazoezi tu, mashindano yasubiri. Jambo la kwanza atakalofundishwa judo ni kuanguka bila kuumia.