Maswali ya Wasomaji: Manifoldi ya Ekzosi, Orijino au Nakala?

SWALI: Nakarabati Ford Mustang ya 1966, injini ya V8 ya inchi za ujazo 289. Muuzaji wa spea hapa Kampala ananipa manifoldi mbili za ekzosi (vipande vya chuma vinavyokusanya moshi kutoka injini na kuupeleka kwenye bomba) akisema ni za kiwandani kwa sababu zina namba. Nitahakikishaje kabla sijatoa pesa? – Msomaji, Entebbe

JIBU: Anza na namba, ila usiishie hapo. Kwenye Ford za miaka hiyo tafuta tarakimu 9430 au 9431 katikati ya namba iliyosubiwa (iliyotokea chuma kilichoyeyushwa kilipomiminwa): 9430 ni ya kulia, 9431 ya kushoto, ukiwa umeketi ndani unatazama mbele. Zikiwa mbili na zote ni 9430, huna jozi. Herufi C mwanzoni ni miaka ya 1960, na tarakimu inayoifuata ni mwaka muundo ulipochorwa. Kwa hiyo C5 kwenye gari la 1966 si kasoro, kwani muundo wa 1965 uliendelea kutumika.

Kando yake huwa kuna tarehe ya kusubu. 6C14 ni Machi 14, 1966: mwaka, herufi ya mwezi, siku. Herufi I imerukwa, hivyo Septemba ni J na Desemba ni M. Tarehe hiyo itangulie siku gari lilipounganishwa, kwa kawaida kwa wiki au miezi michache. Ikiwa ni ya baadaye, manifoldi yaweza kuwa ya Ford kweli, lakini haikuzaliwa na gari lako.

Shida ni kwamba namba ndiyo kitu rahisi kuliko vyote kuiga. Anayenakili akichukua manifoldi ya zamani na kuibonyeza kwenye mchanga wa kalibu (umbo la kumiminia chuma), namba na tarehe hutoka palepale. Asichoweza kukikwepa ni kunywea kwa chuma. Chuma cha kusubu kikipoa hupungua takriban asilimia 1, na kiwanda hufidia kwa kutengeneza modeli kubwa kidogo. Aliyetumia manifoldi yenyewe kama modeli hapati fidia hiyo. Kama tundu la bolti la kwanza na la mwisho yalitengana milimita 400, nakala itakuwa na 396. Basi nenda na kipimo cha silinda hedi yako (sehemu ya injini ambako manifoldi hufungwa), kati ya tundu la kwanza na la mwisho, au beba gasketi mpya (kizibo bapa cha kati ya manifoldi na injini) uilaze juu ya uso wa manifoldi. Matundu ya katikati yakilingana na ya mwisho yakikimbia, umeshapata jibu. Ukiona tundu limerefushwa kwa tupa, uliza kwa nini.

Kisha lalisha tochi pembeni ya maandishi. Herufi za kiwandani zina kingo zilizosimama na kimo kinacholingana. Za nakala ya namna hii huvimba na kulainika kama sabuni iliyotumika, na tundu la ndani ya 6 au 9 huwa limeziba nusu. Pangusa pia sehemu bapa zisizo na sababu, maana huko ndiko nembo ya mnakili husagwa kwa grainda.

Kutu isikupe imani. Iliyopakwa kwa asidi au chumvi huwa na rangi moja kote. Manifoldi iliyofanya kazi ina masizi makavu ndani ya njia za moshi, alama ya gasketi usoni, na duara safi pale kichwa cha bolti kilipokaa. Lakini hata nakala iliyotumika miaka 10 itakuwa na hayo yote: yanaonyesha matumizi, hayaonyeshi asili.

SWALI: Hedasi (manifoldi zilizoundwa kwa mabomba) za Datsun 240Z nimeambiwa ni orijino, “za Safari”. Ni kweli? – Msomaji, Jinja

JIBU: 240Z ya barabarani ilitoka kiwandani na manifoldi ya chuma cha kusubu. Mabomba yaliyochomelewa ni nyongeza, hata yawe ya zamani na mazuri kiasi gani. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, alishinda mbio za magari za Safari Rally za 1973 kwa 240Z, na jina hilo huuza vitu vingi. Dai la kwamba kifaa kilitoka kwenye gari la mashindano linahitaji karatasi na picha. Jaribu sumaku: isiponasa, ni chuma kisichoshika kutu, wala si cha kusubu.

SWALI: Land Rover yangu nimeifunga manifoldi mpya ya nakala, ikapasuka baada ya miezi miwili. Chuma kibaya? – Msomaji, Mbarara

JIBU: Huenda, lakini angalia ufungaji kwanza. Manifoldi ya milimita 500 ikipanda nyuzi 500 za Selsiasi hurefuka karibu milimita 2.7. Matundu ya bolti yasipokuwa na nafasi, au fundi akikaza ncha kabla ya katikati, chuma hakina pa kwenda, kinapasuka. Weka rula ya chuma usoni na upitishe fila geji (bapa nyembamba za kupimia mwanya): mwanya ukizidi milimita 0.25, peleka ikasawazishwe kwa mashine. Hakikisha stadi (bolti zisizo na kichwa zinazoishika manifoldi) zinapita bila kulazimishwa, kaza kuanzia katikati kwenda nje kwa hatua tatu, na uzikaze tena injini ikishapata moto na kupoa. Kabla ya kufunga nyingine, itundike kwa waya na uigonge kwa nyundo ndogo. Nzima hulia kama kengele. Yenye ufa hutoa mlio butu. Hiyo irudishe dukani siku hiyohiyo.