Nge wa msituni katika kiangazi cha Lubumbashi

Nge wakubwa weusi wanaofugwa sana ni Pandinus imperator wa Afrika Magharibi, kuanzia Ghana na Togo hadi Nigeria, pamoja na jamaa zake wa Asia wa kundi la Heterometrus. Wote wamezoea joto tulivu na hewa nzito yenye unyevu. Lubumbashi sivyo ilivyo. Mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, mvua hukatika kwa miezi mitano na zaidi, usiku wa Juni na Julai nje huweza kushuka chini ya nyuzi 10, kisha Septemba huleta jua kali na vumbi jekundu. Nge anayefia humu mjini kwa kawaida hafi njaa. Hufa akijivua gamba, kwa sababu udongo ulikauka wiki kadhaa kabla na mfugaji hakutia kidole kuupima.

Kwanza karatasi. Pandinus imperator yumo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea pori, tangu 1995, na kumvusha mpaka kunahitaji kibali cha nchi anakotoka. Kidai kabla ya kulipa. Usifikirie kumweka badala yake nge uliyemkuta chini ya tofali lupangoni (uani pa nyumba). Mwenye magando manene na mkia mwembamba hutegemea zaidi kubana. Mwenye magando membamba na mkia mnene hutegemea sumu. Kanuni hiyo ina vighairi vyake, kwa hiyo nge usiyemjua jina mwache nje.

Nge mmoja mzima anatosheka na sanduku la kioo la sentimita 40 kwa 30, kimo 30. Fundi vioo yeyote atalitengeneza, ila mwambie atumie silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Kioo safi hakipandiki kwa nge, lakini silikoni ya pembeni anaipanda vizuri, na waya wa umeme kwake ni ngazi. Tena nge huyu, ukimnyoosha pamoja na mkia, hufikia sentimita 20. Akisimama ukutani anagusa kifuniko. Kifuniko kiwe na kufuli au komeo. Jiwe juu yake halitoshi.

Udongo ndio unaoamua mambo mengine yote, na hapa Lubumbashi ina bahati: vichuguu. Huko kwao nge hawa huishi hata ndani ya vichuguu, na udongo wake wa mfinyanzi hushika shimo lisibomoke. Peke yake haufai, kwani ukikauka unakuwa tofali (si ndiyo maana watu wanafyatulia matofali). Changanya sehemu tatu za mboji ya majani, sehemu moja ya udongo wa kichuguu uliopondwa na kuchekechwa, na nusu sehemu ya mchanga wa mto. Usichukue udongo wa bustani iliyopigwa dawa, wala wa upande ule ambako moshi wa tanuri la shaba ulikuwa ukielekea kwa miaka mingi. Una metali nzito. Mchanganyiko wako ukaange kwenye sufuria juu ya mbabula (jiko la makaa) dakika 30 ili kuua utitiri na siafu, uache upoe, kisha uloweshe. Fumbata konzi moja: ukishikana bila kuchuruzika, uko sawa. Maji yakitoka kati ya vidole, umezidisha. Jaza kina cha sentimita 12 hadi 15, weka gome la mti lililoinama, uanze mwenyewe kuchimba shimo dogo chini yake. Nge atamalizia.

Wengi hukosea kwenye kumwagilia. Wanapuliza maji juu kila siku. Juu panalowa, chini panabaki vumbi, na ukungu unaota kwenye magome. Fanya kinyume. Mimina maji taratibu kwenye pembe moja ili yashuke hadi chini kabisa na uso wa udongo ubaki mkavu kidogo. Kwa sanduku la kipimo hicho, anza na nusu kikombe cha chai mara moja kwa wiki wakati wa mvua, na mara mbili au tatu kuanzia Agosti hadi mvua zirudi. Kisha kidole chako ndicho kiamue. Hewa ndani iwe na unyevu wa asilimia 70 hadi 80. Maji ya bomba yalale saa 24 kwenye chombo wazi kwanza. Toboa matundu ya milimita 2 pande mbili zinazotazamana. Ukiziba kabisa ili kuhifadhi unyevu, utapata fangasi, yaani madoa meusi kwenye viungo vya miguu na magando, na hayo yakishaingia ndani ni vigumu kuyaondoa.

Joto: nyuzi 28 hadi 30 upande mmoja, 24 upande wa pili, ili achague mwenyewe. Kama una mkeka wa kupasha joto, ubandike ubavuni, ufunike theluthi moja ya upande huo, na uwe na kidhibiti joto. Kamwe usiuweke chini. Nge akisikia joto hukimbilia chini. Ukimwekea moto huko, anajichimbia kwenye kikaango.

Umeme ukikatika usiku wa Julai, zungusha blanketi kwenye sanduku ukiacha matundu wazi, na uegemeze nje ya kioo chupa mbili za lita 1.5 zenye maji ya moto, zikiwa zimefungwa kitambaa. Usiingize mbabula chumbani kwa ajili ya nge. Moshi wa makaa usioonekana utawaua watu kabla yake. Usiku mmoja wa nyuzi 17 hautamuua. Atapoa tu na kukataa chakula, nawe usimlishe hadi joto lirudi, maana mmeng'enyo wake umelala.

Chakula si kazi kubwa. Mkubwa: nyenje mmoja au wawili, au panzi, kila siku 7 hadi 10. Mdogo: mara mbili kwa wiki, windo lisilozidi urefu wa mwili wake bila mkia. Mende wa jikoni hapana, kwani hujui jirani amepulizia nini. Kumbikumbi wa mvua za kwanza ni karamu. Windo lisiloliwa litoe kesho yake.

Sababu ya kulitoa ni gamba. Nge mdogo hujivua mara kadhaa hadi awe mzima, na baada ya hapo hajivui tena. Dalili ni kugoma kula, kupoa, na tumbo kuvimba hadi ngozi nyeupe ionekane kati ya mabamba. Ukiziona, ongeza maji chini, toa kila mdudu na usimguse. Akitoka ni mweupe na laini kama jibini. Nyenje mmoja mwenye njaa anaweza kumtafuna akiwa hai. Subiri siku 5 hadi 7 agumu ndipo umlishe. Mguu ukinasa katika gamba la zamani, usiuvute. Ongeza unyevu, basi. 

Kumkagua usiku bila kufukua, tumia ile kurunzi ya zambarau ya wabadilisha fedha wanaokagua dola. Nge hung'aa kijani-buluu. Aliyetoka kujivua gamba hang'ai vizuri hadi agumu, kwa hiyo usidhani ametoroka. Dakika moja inatosha. Mwanga huo unamsumbua.

Kumshika mkononi hakumpi yeye faida yoyote. Mhamishe kwa bakuli na kadibodi. Mwiba wa imperator huuma kama wa nyuki, lakini mwenye mzio anaweza kukosa pumzi au kuvimba uso: huyo apelekwe hospitali mara moja. Kwa wengine, osha kwa sabuni, vua pete, weka kitambaa baridi. Usichanje, usifunge kamba, na lile jiwe jeusi linalobandikwa kwenye jeraha halivuti sumu hiyo.

Mwenye nyumba na majirani wa lupango waambie mapema, wakaribishwe kumwona mchana. Nge aliyefichwa chumbani, akigunduliwa na mtoto wa jirani, kabla ya jua kuzama ameshakuwa habari ya ulozi.